Injili ya Tano na Daraja la Rusumo: Tathmini ya Theolojia ya Ufuasi wa Kila Siku Ngara na Biharamulo

Maandiko mengi ya theolojia ya Kiafrika yameandikwa kwa jina la bara zima. Mwandishi husema kwamba Mwafrika anaamini hivi au vile, naye msomaji aliyeko usharikani hubaki akijiuliza ni Mwafrika yupi, wa kijiji gani, na alikuwa akilima nini alipokuwa akiamini hivyo. Kwa sababu hiyo yapasa kuyapokea kwa heshima maandiko machache yanayotaja kijiji. Katika kurasa hizi tunakusudia kuyachunguza maandiko ya aina hiyo yaliyozaliwa katika upande wa magharibi wa Kagera: makala ya Askofu Christopher Mwoleka juu ya Utatu na jumuiya, iliyotoka mwaka 1975, mkusanyo uitwao Ujamaa and Christian Communities, uliotolewa na Gaba Publications mwaka 1976, na kitabu cha padre wa shirika la Maryknoll, Joseph Healey, A Fifth Gospel, yaani Injili ya Tano, kilichochapishwa mwaka 1981.

Yaweza kuulizwa kwa nini jarida la Kilutheri lijishughulishe na maandiko ya Wakatoliki, tena ya miaka mingi iliyopita. Jibu la kwanza ni la kijiografia. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo sisi Walutheri hatukuwa wa kwanza wala si wengi; Jimbo la Rulenge lilikuwa limeenea mahali pote, na Waanglikana wa Murgwanza walikuwa wamekwisha kujenga hospitali na shule. Anayetaka kujua jinsi Injili ilivyoishiwa huko hawezi kuanza na kumbukumbu za vikao vyetu. Jibu la pili linatuuma zaidi. Katika vyuo vyetu somo la ufuasi hufundishwa kama sura inayofuata baada ya kuhesabiwa haki kwa imani, na mara nyingi muhula huisha kabla sura hiyo haijafikiwa. Mwanafunzi huhitimu akiweza kueleza maana ya neema rahisi katika kitabu cha Bonhoeffer cha mwaka 1937, wala asiweze kumwambia mwinjilisti wa mtaa afanye nini siku ya Jumanne, wakati jirani yake wa ukuta kwa ukuta amemshtaki kwa ajili ya mpaka wa shamba la migomba.

Mwoleka aliwekwa kuwa Askofu wa Rulenge mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akalitumikia jimbo hilo hata mwaka 1996. Linalomtofautisha na maaskofu wengine waliolisifu Azimio ni kwamba yeye alilichukulia kuwa ni jambo la kufanya kwa mikono. Alijiandikisha kuwa mwanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akaenda kuishi na kulima na wanakijiji kadiri kazi za uaskofu zilivyomruhusu. Makala yake ya mwaka 1975 yaeleweka kutoka shambani humo. Hoja yake ni fupi, nayo ni ya ujasiri: Mungu hakutufunulia Utatu wake ili atupe kitendawili cha kutegua, bali alitufunulia jinsi yeye mwenyewe anavyoishi ili nasi tuishi hivyo. Baba, Mwana na Roho Mtakatifu hawana kitu ambacho mmoja amejiwekea peke yake. Basi, asema Mwoleka, anayetaka kuufahamu Utatu aanze kushirikiana na wenzake, si mali tu bali na mawazo, mipango na shida. Na kwa kuwa ujamaa uliwaita watu wote, hata wasio Wakristo, katika kushirikiana huko, yeye aliuona kuwa ni njia iliyo wazi ya kuufuata mfano wa Mungu.

Healey alikuja kuishi Nyabihanga katika miaka hiyo ya 1970, na kitabu chake ni matunda ya maisha hayo. Jina la kitabu laeleza nia yake: Injili nne ziliandikwa na wainjilisti, na ya tano inaandikwa na maisha ya watu wa kawaida. Hakukusudia kupanga mafundisho. Anasimulia habari za kutembeleana, kukaribisha mgeni, kukaa na wafiwa, kungoja pasipo haraka, na mikutano ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizifanya kuwa nguzo ya kazi yao katika mkutano wa Nairobi wa mwaka 1976. Methali anazipa nafasi ambayo wengine wangewapa mababa wa Kanisa. Kwa msomaji aliyezoea vitabu vya Ulaya kitabu hiki huonekana chepesi. Sisi hatukioni kuwa chepesi. Kuketi siku tatu msibani na kusema maneno machache ni kazi ya uchungaji ambayo wengi wetu hatuiwezi, nasi hutoka msibani mapema kwa kisingizio cha kikao.

Sifa ya kwanza ya maandiko haya, basi, ni kwamba yameirudisha theolojia mahali ambapo watu wanaishi. Ili kuipima sifa hiyo kwa haki yafaa kuyaweka kando ya urithi mwingine wa nchi hiyohiyo, nao ni Uamsho. Moto huo uliwaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka mpaka na kuingia Bugufi na Katoke, ukafika Bukoba kwetu. Walokole nao walikuwa na theolojia ya kila siku, tena kali. Ufuasi kwao ulikuwa kutubu hadharani, kurudisha kilichoibwa, kulipa deni, kuacha pombe na matambiko, na kutembea katika nuru na ndugu. Hakuna askofu wa Rulenge aliyewahi kumfanya mtu arudishe jembe aliloliiba miaka kumi iliyopita. Ushuhuda wa ndugu ulifanya hivyo mara nyingi. Lakini ufuasi huo ulikuwa na gharama ambayo haikuhesabiwa vizuri. Pombe ya ndizi katika nchi ile haikuwa kinywaji tu. Ilikuwa ndiyo meza ambapo ugomvi uliamuliwa, mahari ilikubaliwa, na aliyekosa alipatanishwa na aliyekosewa. Mlokole aliyeiacha pombe aliacha pia kiti chake katika mashauri ya kijiji. Kwa hiyo wale waliojua zaidi habari za kutubu hawakuwapo mahali ambapo kijiji kilijifunza kupatana. Mwoleka na Healey walikaa katika kiti hicho kilichoachwa wazi, na hili ni jambo ambalo sisi warithi wa Uamsho tungepaswa kulitafakari kwa muda mrefu kuliko tulivyofanya.

Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa mlokole mwenyewe na baadaye Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani tangu mkutano wa Dar es Salaam wa 1977, aliliona tatizo hili kutoka upande wa pili. Katika Church, Clan and the World, kitabu chake cha mwaka 1974, aliuliza ni namna gani Kanisa laweza kuwa ushirika wenye nguvu kama ukoo ulivyokuwa kwa Mhaya wa kale, pasipo kufungwa na mipaka ya ukoo. Twamtaja hapa kwa sababu swali lake ndilo hasa linalokosekana kwa wenzetu wa Rulenge. Wao walijua uzuri wa kuwa pamoja. Kibira alijua pia kwamba kila walio pamoja wana mlango, na kwamba mlango hufungwa.

Sasa twaja kwenye mashaka yetu. La kwanza ni la kimafundisho. Luther, katika maelezo mafupi aliyoyaandika juu ya jinsi ya kuzisoma Injili, alionya kwamba Kristo apokewe kwanza kama zawadi, kisha ndipo afuatwe kama mfano. Mwoleka ameanza na mfano. Utatu, ambao kwa imani ya Kanisa ni Mungu anayetujia na kutuokoa, kwake umekuwa hasa kielelezo cha kuigwa, na kielelezo hata kiwe kizuri namna gani ni Sheria. Mwanakijiji aliyeshindwa kushirikiana na jirani yake akiambiwa kwamba ameshindwa kuishi kama Utatu, mzigo wake haukupungua. Hata hivyo hatutaki msomaji alitumie shaka hili kama wengi wetu wanavyolitumia, yaani kuwa ruhusa ya kukaa nyumbani. Mlutheri anayemkosoa Mwoleka kwa kuchanganya Sheria na Injili, na mwenyewe hajawahi kushika jembe katika shamba la mjane wa mtaa wake, amesema kweli isiyomsaidia mtu.

Shaka la pili ni la kihistoria, nalo ni zito zaidi. Chombo ambamo Mwoleka aliuweka Utatu kilikuwa mikononi mwa dola. Kati ya mwaka 1973 na 1976 kuhamia vijijini kuliacha kuwa mwito kukawa amri. Katika sehemu nyingi za nchi watu walibebwa kwa malori, na nyumba walizoacha zikabomolewa ili wasirudi. Katika miaka hiyohiyo ndipo makala juu ya Utatu ilitoka. Hatusemi kwamba Mwoleka aliupenda ulazimishaji. Maisha yake mwenyewe Nyabihanga yalikuwa ya hiari, naye alitaka hiari. Lakini theolojia inayouita mpango wa serikali kuwa ni njia ya kumwiga Mungu imejinyang'anya maneno ya kuukemea mpango huo unapokosea. Na mashamba ya ujamaa yalipokufa katika miaka ya 1980, na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipofungua ukurasa mwingine, jumuiya ndogo ndogo zilibaki. Hapo pana fundisho ambalo makala ya 1975 haikuweza kulitabiri: kilichokuwa cha Kanisa kiliweza kuishi bila kile kilichokuwa cha dola. Mwoleka mwenyewe, aliyefariki mwaka 2002, alitumia miaka iliyofuata kutafuta jumuiya iliyo ya karibu zaidi kuliko kijiji, na sisi twaona katika kutafuta huko kukiri kwa namna fulani kwamba kijiji hakikutosha.

Shaka la tatu halikutoka katika vitabu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000, kwa hesabu iliyotangazwa na UNHCR wakati ule, walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda kuingia Ngara. Chini ya daraja hilo mto Kagera ulikuwa ukichukua miili ya waliouawa kuelekea Ziwa Victoria. Katika siku chache kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya Kiitalia iliyokuwa imejenga barabara huko, ikawa na watu kama mji mkubwa, na baada ya miezi wakimbizi katika wilaya ya Ngara walikuwa wengi kuliko wenyeji.

Wenyeji hao ndio watu wa Injili ya Tano. Hatuna budi kusema kwamba kurasa za Healey juu ya ukarimu zilithibitishwa katika wiki zile za kwanza. Wahangaza na Washubi waliwapa wageni maji, viazi na mahali pa kulala kabla mashirika hayajafika, na lugha haikuwa kizuizi, maana Kihangaza kinasikilizana na Kirundi na kinakaribiana na Kinyarwanda. Baadaye miti ilikwisha kwa kuni, mashamba yaliibiwa, na ukarimu ulianza kuwa na mwisho. Hilo ni la kibinadamu, wala hatulitumii kuwahukumu. Tunalouliza ni jingine. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo wauaji, na wauaji hao walikuwa wamebatizwa. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa bourgmestre wa wilaya ya Rusumo ng'ambo ya mto, na ambaye Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari, likiwamo lile la watu waliokimbilia parokia ya Nyarubuye, alionekana Benaco akiwa bado kiongozi wa watu wake. Hapo mwanzo chakula kilipitia mikononi mwa viongozi wa namna hiyo, kwa kuwa wakimbizi walipangwa kwa wilaya walikotoka, na orodha za kaya ziliandikwa na wale waliokuwa wamezizoea orodha.

Rwanda ilikuwa nayo jumuiya za msingi. Ilikuwa na kwaya, na chama cha akina mama, na ibada ya asubuhi. Ndiko Uamsho ulikotoka. Kama ufuasi ni mazoea ya kila siku ya kutembeleana, kuomba pamoja, kuzika pamoja na kugawana mavuno, basi mazoea hayo yalikuwako katika vilima ambavyo jirani alimwua jirani. Na jambo la kutisha zaidi kwa hoja ya Mwoleka ni kwamba mauaji yenyewe yalipangwa kwa namna ya kazi ya pamoja. Watu waliitwa kama walivyoitwa kwenye kazi za kijumuiya, wakaenda na mapanga yaleyale ya shambani, na jioni wakagawana vitu. Kushirikiana kwenyewe hakusemi ni nani aliyebaki nje.

Je, haya yanaifuta Injili ya Tano? Wako wanaosema hivyo, nao hurudi mbio katika mahubiri ya wokovu wa roho ya mtu mmoja mmoja. Sisi hatukubaliani nao, maana mahubiri hayo pia yalikuwako Rwanda na hayakuzuia panga. Twaona badala yake kwamba kitabu cha Healey kina pengo moja linaloweza kutajwa kwa usahihi: hakina habari ya kukataa. Matendo yote yanayosifiwa humo ni matendo ya kukubali, kama kukaribisha, kushiriki, kungoja na kuketi. Yesu aliwafundisha wanafunzi wake pia kusema siyo (Mt 5:37), na mwanakijiji hujifunza kusema siyo kwa njia ileile anayojifunza kukaribisha, yaani kwa kufanya kidogo kidogo, katika mambo madogo, mbele ya watu anaowaogopa.

Hapo ndipo Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo vijana wetu huikariri kabla ya Kipaimara na kuisahau baada yake, ina la kusema kuliko inavyodhaniwa. Luther hakuieleza amri ya tano kwa kukataza kuua tu. Aliongeza wajibu wa kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake. Amri ya nane aliieleza kwa kutudai tumtetee jirani na kumsema vyema. Maelezo hayo yanamfikia kila mtu katika nafasi yake, na nafasi katika Ngara na Biharamulo ni jambo dhahiri kabisa. Yuko mwenye kuandika orodha. Yuko mwenye kupima mahindi. Yuko mwenyekiti wa kitongoji anayeulizwa na ofisa ni nani mwenyeji na nani siye.

Swali hilo la mwisho si la kubuni. Desemba 1996 serikali na UNHCR zilitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda waondoke kabla ya mwisho wa mwaka, na wengi waliokimbilia ndani zaidi ya nchi walirudishwa na askari hadi Rusumo. Mwaka 2013 jambo hilo lilirudi kwa sura nyingine. Baada ya agizo la Rais la mwezi Julai, Operesheni Kimbunga iliyoanza Septemba iliwatoa watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu katika mikoa ya mpakani, Kagera ikiwamo. Sababu za usalama zilitajwa, na ujambazi katika barabara za Biharamulo ulikuwa jambo la kweli lililowaua watu. Lakini miongoni mwa waliotolewa walikuwamo waliokaa miongo mingi, wenye wake au waume Watanzania, wenye watoto waliobatizwa katika makanisa yetu. Katika vijiji vingi cheti cha ubatizo kilikuwa ndiyo karatasi pekee iliyoonyesha mtu alizaliwa wapi. Mchungaji aliyeulizwa kufungua kitabu cha ubatizo, mzee wa usharika aliyeitwa kutoa ushahidi, jirani aliyejua kwamba shamba lile litakuwa lake mwenyewe akinyamaza: hao ndio waliokuwa wakiandika sura ya Injili ya Tano ambayo Healey hakuweza kuiandika, maana mwaka 1981 haikuwa imeulizwa.

Twapendekeza, kwa hiyo, kwamba Mwoleka na Healey wasomwe katika vyuo vyetu, tena wasomwe wote, pamoja na Kibira, na katika darasa moja na Katekisimo. Mwanafunzi asiulizwe tu kama hoja ya Utatu ni sahihi. Aulizwe mtaa wake una desturi gani ya kumpinga mkubwa anayetaka jina la jirani, na kama haipo, ni katika tukio gani dogo ingeweza kuanza. Twajua kwamba swali la namna hii halisahihishwi kwa urahisi katika mtihani.

Limebaki jambo moja ambalo maandiko yote tuliyoyapitia yanaliacha. Jumuiya ya Mwoleka huhitaji watu wanaokaa. Benaco ya leo si kambi. Ni njia panda katika kata ya Kasulo, mahali ambapo madereva wa malori yaendayo Rwanda na Burundi hulala usiku mmoja, na wasichana kutoka vijijini hutafuta kazi katika hoteli na nyumba za wageni. Tangu kituo kipya cha mpakani kilipofunguliwa Rusumo mwaka 2016 malori hupita kwa haraka zaidi. Dereva hana jumuiya ndogo hapo, wala msichana anayemtandikia kitanda hajui kama mwezi ujao atakuwapo. Washarika wetu wachache wa njia panda hiyo hukutana asubuhi mapema, kabla maduka hayajafunguliwa, na kila Jumapili nusu ya waliokuwapo Jumapili iliyopita hawapo.